Maria wa Mti

Tik. Kabla ya alfajiri kitu kiligonga mlango kwa ndani, taratibu, kama ukucha. Bibi mfinyanzi aliketi kitandani akasikiliza. Alikuwa peke yake tangu mkwewe, mjane wa mwanawe, ahame na mjukuu waliyemwita Kifaranga.

Waligombana juu ya pango la Noeli. La bibi lilikuwa la udongo: hori katikati, na sanamu ya mtoto mtakatifu hufungiwa kashani hadi mkesha wenyewe. Mkwe alileta Maria wa mti. Marehemu mumewe alikuwa amemchonga kwa desturi ya kwao mkewe: mgongo umeinama, tayari kubeba.

"Kwetu, mama, mtoto mtakatifu halazwi majanini. Anabebwa. Mungu mwenyewe alikubali kubebwa."

"Kumbe hori langu ni la kulishia mbuzi!" bibi akajibu, akamsukumia Maria wa mti nyuma ya ng'ombe wa udongo.

Maneno yakazaa maneno. Mkwe akafunga mizigo. Hata hivyo, kabla ya kutoka, alimjazia bibi chupa maji ya moto, maana alijua magoti yake na baridi.

Tangu hapo, kila alfajiri, Maria wa mti alikutwa mlangoni, uso nje. Bibi alimsingizia panya, akamrudisha.

Leo aliwasha taa. Maria alisimama palepale, na mgongoni, kwa kipande cha kitambaa, amembeba mtoto wa udongo. Bibi akapapasa kasha. Limefungwa. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Akainamia fundo: limepinda kama sikio, fundo la mtu wa mkono wa kushoto. Mmoja tu alifunga hivyo, na walimzika na shati la kitambaa kilekile.

"Haya, mwanangu," alinong'ona. "Nimesikia."

Hakulifungua fundo. Aliwafunika kwa shuka, akawachukua, akavuka mtaa wa mafundi cherehani hadi chumba cha mkwe.

"Karibu, mama. Kifaranga ameamka anauchekea mlango." Bibi akafunua shuka. Mkwe akaliona fundo, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nifunge na mimi," bibi akasema. "Nimbebe kama kwenu."

Akafungwa mjukuu mgongoni, mzito, wa moto kama mkate. Wakakaa hivyo hadi jua likapanda.

Bibi alipoaga, Kifaranga alipunga mkono. Hakumpungia bibi. Alipungia pembeni yake, juu kidogo, pale ambapo kichwa cha mtu mrefu kingekuwa.

Mkwe akapatazama hapo, machozi yakimlengalenga.

"Kesho mje tena, mama," akasema. "Nyote wawili."