Andika Yote Mawili

Barua ilikuja kwa jina la Mama, lakini aliyeifungua ni binti yake mpiga pasi, kwa sababu Mama alikuwa na sheria yake: bahasha yenye nembo ya serikali haifunguliwi na mtu mwenye presha. Mpiga pasi aliisoma amesimama jikoni, bado amevaa sare ya hoteli. Alipofika mwisho akarudia mwanzo, akidhani labda ni uchovu wa macho. Macho hayakuwa na kosa. Idara ya uhamiaji ilisema ombi la Mama la kuishi na bintiye lilikuwa na udanganyifu, kwani cheti cha kuzaliwa cha binti kinataja mama mwingine. Wafike wajieleze, la sivyo Mama aondoke nchini.

"Wanasemaje?" Mama aliuliza kutoka sebuleni.

"Wanasema wewe si mama yangu."

Mama akacheka. "Waje waone jeuri unayonijibu nayo, wataamini wenyewe."

Mpiga pasi hakucheka. Ukweli wenyewe haukuwa siri. Alizaliwa na mdogo wake Mama, ambaye alifariki mtoto hajaanza hata kutembea. Mama akambeba mgongoni, akaenda naye kwake, habari ikaishia hapo. Ukoo mzima ulijua na hakuna aliyesema. Kwao jambo kama hilo halitajwi. Kumwambia mtoto aliyelelewa kuwa huyu hakukuzaa ni kumfukuza nyumbani kwa mdomo. Kwa hiyo fomu ilipouliza mwombaji ni nani wako, mpiga pasi aliandika "mama" bila kupepesa jicho. Yeyote wa ukoo ule angeandika hivyohivyo, kisha angekushangaa kwa kumuuliza.

Sasa, mtaani kwao shida za karatasi zilikuwa na mtu wake. Alikaa kwenye duka la fotokopi, nyuma ya mashine, kafunga tai hata wakati wa joto kali, na chochote utakachomweleza alijibu "mambo safi", hadi jina lake halisi likasahaulika. Mambo Safi hakuwahi kusema kuwa yeye ni wakili. Aliwaacha watu waseme wenyewe, naye hakuwasahihisha. Mpiga pasi alimpelekea barua na cheti chake cha kuzaliwa.

"Hili jambo dogo, dada yangu," alisema Mambo Safi. "Cheti kina jina lisilotakiwa. Tunatengeneza kingine chenye jina linalotakiwa. Mhuri ninao. Mambo safi."

"Hilo si kosa?"

"Kosa ni mama yako kupandishwa ndege."

Akakiacha cheti pale. Kabla hujamlaumu, jiulize wewe ungefanya nini, una mama mwenye magoti mabovu na mtu mmoja tu duniani anayekuambia mambo yatakuwa safi.

Chumba cha kufulia cha hoteli kilikuwa chini kabisa ya jengo, kimejaa mvuke na ngurumo za mashine, na ukitaka kusikika lazima upaze sauti. Mwenzake wa kukunja shuka aliitwa Redio, na ukikaa naye kidogo utajua kwa nini. Kila mmoja alishika pembe zake mbili, wakavuta, wakakunja, wakakaribiana, wakaachana. Na kila walipokaribiana mpiga pasi alitoa kipande cha habari. Alipofika kwa Mambo Safi, Redio aliachia shuka ikaanguka sakafuni.

"Umempa nani? Shoga, una akili timamu? Yule ndiye aliyemfikisha shemeji yangu uwanja wa ndege! Mhuri wake uligundulika siku ileile!"

"Sasa niende wapi? Mawakili wa kweli ni wa wenye pesa."

"Nani kakwambia? Pale maktaba, ghorofani, kuna wanasheria wanasaidia wahamiaji bure. Kesi ikiwa ndefu unachangia kidogo, kwa uwezo wako. Mimi mwenyewe walinisaidia."

"Walikusaidia wewe, na hukutuambia? Wewe?"

Redio aliinama kuokota shuka. "Niliona aibu," alisema. "Nilidhani mtasema nimekwenda kuombaomba."

Mpiga pasi alimtazama. Miaka yote hiyo Redio alikuwa ametangaza habari za kila mtu, isipokuwa ile moja iliyokuwa na faida. Alitaka kumpa vidonge vyake, lakini akaona ana kazi ya haraka zaidi.

Mama alikubali kwenda maktaba shingo upande. Walipanda ngazi polepole, wakakaa kwenye benchi pamoja na watu wengine wenye bahasha mapajani, hadi wakaitwa kwenye chumba kidogo chenye meza, viti vitatu na makabati ya chuma. Mwanasheria alikuwa mwanamke wa makamo, kavaa raba na sweta lenye mikunjo ambayo mpiga pasi hangeiruhusu itoke mlangoni kwake.

"Ndiye huyu?" Mama alinong'ona, kwa ule mnong'ono wake unaosikika hadi nje. "Yule mwingine angalau ana tai."

Mpiga pasi alikuwa amekwisha kudanganywa mara moja. "Kabla sijasema lolote," alisema, "nataka kuona leseni yako."

Alitegemea mwanasheria akasirike. Badala yake alivua kitambulisho chake shingoni, akampa, na kumwandikia namba ya chama cha mawakili apige aulize. "Mwulize hivyo kila anayejiita wakili," alisema. "Na mtakayoniambia humu hayatoki. Hata uhamiaji siwaambii bila ruhusa yenu. Haya, nielezeni."

Walimweleza. Yaani binti alieleza, Mama akakagua dari.

"Sheria ya hapa inamtambua mtu aliyekulea tangu utotoni," mwanasheria alisema. "Ana haki ileile ya mzazi. Hamkuwa na haja ya kuficha."

"Hatukuficha," Mama alisema. "Hatukusema. Ni mambo mawili tofauti."

"Kwa afisa ni moja. Tutasahihisha, tutapeleka ushahidi wa malezi, halafu wewe mwenyewe, mama, utasema ukweli mbele yake. Lakini mkileta cheti cha kughushi kesi imekufa, na mimi nitatoka chumbani. Kile halisi kiko wapi?"

Mpiga pasi alijiona mjinga, na ujinga ule ukampandisha hasira. Alimfikisha Mama nyumbani, kisha akaenda moja kwa moja hadi duka la fotokopi. Palikuwa na foleni hadi nje. Aliipita.

"Nataka cheti changu."

"Kesho, dada. Kazi iko jikoni."

"Sitaki kazi. Nataka cheti changu, kile nilichokuletea, kama nilivyokuletea."

"Punguza sauti basi, kuna wateja."

"Nafanya kazi penye mashine zinazonguruma kutwa. Hii ndiyo sauti yangu ya chini." Akawageukia waliokuwa kwenye foleni. "Ndugu zangu, mtu huyu ni wakili?"

Watu walitazamana.

"Mwulizeni. Hapa hapa, nikisikia."

Mzee mmoja aliyekumbatia mkoba alikohoa. "Bwana," aliuliza kwa adabu, "wewe ni wakili?"

Mambo Safi aliinyoosha tai yake. "Mimi ni mshauri," alisema.

"Haya," alisema mpiga pasi. "Mshauri, nipe cheti changu."

Alikipata, kimekunjwa pembe lakini kizima. Wa pili kudai vyake alikuwa yule mzee wa mkoba, kisha mama mmoja mwenye mtoto, na Mambo Safi akaanza kufungua droo moja baada ya nyingine, jasho likimtoka. Mtu alimuuliza mpiga pasi kama kuna kwingine pa kwenda. Akajibu kwa sauti ambayo hata ng'ambo ya barabara waliisikia: maktaba, ghorofani, ni bure, waulize leseni, na wala si aibu.

Akarudi nyumbani kifua mbele, na huko ndiko alikokutana na ukuta.

"Sisemi," alisema Mama.

"Utaulizwa swali moja tu. Kama ulinizaa. Utajibu hapana."

"Sijibu."

"Mwanasheria kasema..."

"Mwanasheria hakuwepo! Mimi nilikuwepo. Mdogo wangu alinishika mkono akasema, asije mtu akamwita mwanangu yatima. Nikamwahidi. Na hakuna aliyekuita. Nimegombana na mawifi, nimegombana na walimu, shemeji yangu nilimwondoa mezani na chakula chake mkononi. Leo nije nilitaje mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya mtu mwenye kalamu?"

"Watakurudisha, Mama."

"Wanirudishe."

"Kwa nani?"

Mama akageukia dirishani. Hapakuwa na mtu wa kumrudia na wote wawili walilijua hilo. Nyumba ilishauzwa, majirani wa zamani wamehama au wamezikwa, na kwa magoti yale asingefika hata dukani peke yake. Mpiga pasi alitokwa na machozi ya hasira. Alimpenda mama huyu na alitaka kumtikisa mabega, vyote kwa wakati mmoja, na hakujua aanze na kipi.

Siku ya kujieleza ilifika Mama bado kafunga mdomo. Alivaa vizuri, alikubali kushikwa mkono kwenye ngazi, ila kuhusu lile neno hakutoa ahadi. Chumba cha afisa kilikuwa na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Afisa mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache, uso mkavu. Mwanasheria, safari hii sweta limenyooshwa kwa mkono wa mtu anayeijua kazi yake, alipanga ushahidi mezani: ripoti za shule zenye sahihi ya Mama, kadi za kliniki, picha, viapo vya ndugu. Alieleza kosa la fomu lilivyotokea na kifungu cha sheria kinachomtambua mlezi.

Afisa alivipitia vyote, akaviweka kando. "Nataka kumsikia mwombaji mwenyewe. Mama, huyu binti ulimzaa wewe?"

Mama alitazama mikono yake.

"Nauliza tena. Ulimzaa?"

Feni ilizunguka. Mwanasheria aliomba Mama apewe muda.

"Muda ndio huu," alisema afisa. "Asipojibu nitaandika kwamba ameshindwa kueleza, na ombi litakataliwa."

Mpiga pasi alikuwa ameonywa asimjibie. Hakumjibia. Aligeuza kiti chake kizima, akampa afisa mgongo.

"Mama, niangalie. Niangalie mimi. Nina mvi kichwani. Nani ataniita yatima na wewe umekaa hapa? Ahadi umeitimiza. Mdogo wako hakudai tena. Sema."

"Binti, usimwelekeze," alisema afisa.

"Simwelekezi. Namshukuru."

Mama alikamata fimbo yake. Alisimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame, na magoti yakalia hadi afisa akayasikia.

"Sikumzaa," alisema.

Lilitoka dogo, kavu. Kisha akavuta pumzi, na lililofuata halikuwa dogo.

"Alizaliwa na mdogo wangu, naye akafa. Nikamchukua. Nimemlea na surua, nimemlea na homa, nimeuza cherehani yangu asome. Akikohoa chumba cha pili, mimi ndiye ninayeamka. Sikumzaa, na ni mwanangu. Andika."

"Fomu ina nafasi ya jibu moja," alisema afisa. "Mzazi, au mlezi."

"Basi fomu yenu ni fupi. Ongeza karatasi. Andika sikumzaa. Andika ni mwanangu. Andika yote mawili, na usipunguze hata moja, maana nitakaa hapahapa nikikutazama mpaka umalize. Unaniambia nimedanganya! Mimi nimemeza ukweli huu umri wake wote ili asilie, halafu wewe unaniita mwongo kwa sababu ya kisanduku!"

Afisa alimtazama mwanasheria. Mwanasheria alikuwa ameshasukuma karatasi nyeupe mezani. "Maelezo ya ziada yanaruhusiwa," alisema.

Afisa akaandika. Aliandika muda mrefu, na mara mbili alimwomba Mama arudie ili asikosee. Alipomaliza aliwaambia wangoje nje.

Kwenye korido Mama aliketi kwenye benchi. Mpiga pasi alimfunika mkono kwa mkono wake. Watu walipita na mafaili. Mlango wa afisa ulibaki umefungwa, na mwanasheria alikuwa ndani.

"Mama yako alikuwa mfupi kuliko mimi," Mama alisema.

Maisha yote ya mpiga pasi neno "mama" lilikuwa na mwenyewe mmoja tu, aliyekaa hapo kando yake, na sasa mwenyewe alikuwa amelifungua akamkaribisha mwingine.

"Alikuwa na pengo hapa mbele," Mama aliendelea, akijigusa meno. "Akicheka anafunika kwa kiganja. Wewe nawe unafunika, na pengo huna. Tangu mtoto. Nilikuwa nikikuona nageuka upande wa pili, nisije nikasema. Alipenda kuimba, sauti mbaya sana, ya kukimbiza kuku. Na siku ulipozaliwa..."

Mlango ulifunguliwa. Mwanasheria alitoka mbio na raba zake, uso umechanua. "Amekubali! Unabaki, mama! Anawaita mkasaini, haraka, anataka kwenda kikao kingine."

Mpiga pasi aliinuka nusu. Mama akamvuta kwa mkono wa nguo, akamketisha.

"Mwambie asubiri," alimwambia mwanasheria. "Sijamaliza."