Uzito wa Pili

Gololi ilikuwa katikati ya asali, haijafika chini, na darasa zima lilikuwa limenyamaza likiisubiri.

Mwalimu alikuwa amepanga bilauri tatu ndefu mezani: moja ya maji, moja ya mafuta ya kupikia, moja ya asali. Gololi ya kwanza iligonga kitako cha bilauri ya maji kabla mtu hajapepesa jicho. Ya pili ilichelewa kidogo ndani ya mafuta, kama mtu aliyekumbuka jambo njiani. Ya tatu ndiyo hiyo, ilikuwa ikizama polepole mno, ungedhani imeghairi safari.

“Mwalimu, hiyo imeshalala,” alisema mtunza stoo mmoja mnene ambaye wenzake walimwita Bwana Stoo. “Tuiamshe au tuifunike shuka?”

Watu wakacheka. Walikuwa watu wazima kumi na wanne, magoti yao yakigonga mbao za madawati ya watoto, kila mmoja ametoka kazini na harufu ya kazi yake. Mama Rangi alicheka nao. Alikuwa amevuka hamsini, mikono yake ina madoa ya vanishi yasiyotoka, na kwenye karakana ya samani alikochanganya rangi kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyemwita kwa jina jingine.

“Mama Rangi,” mwalimu akasema, “kazi yako ni hii hii. Tuambie, kati ya mafuta na maji, kipi kizito?”

“Mafuta, mwalimu. Hata usingizini naweza kujibu.”

“Unajuaje?”

“Nachovya kijiti, nakiinua, nahesabu. Nyepesi inachuruzika yote. Nzito inang’ang’ania kijiti mpaka uibembeleze.”

“Vizuri.” Mwalimu akainua bilauri ya mafuta, akamimina kidogo juu ya maji. Mafuta yakatanda juu, ya manjano, yakatulia. “Sasa mbona kizito kinaelea?”

Bwana Stoo akapiga dawati kofi. “Mama Rangi kashikwa!”

“Hajakosea,” mwalimu akasema. “Ni neno lenyewe, tumelibebesha mizigo miwili. Kuna uzito unaopimwa kwa mzani, na kwa huo maji yanayashinda mafuta. Halafu kuna uzito unaopimwa kwa saa: kitu kinachukua muda gani kutiririka. Huo wa pili kitabuni tunauita mnato. Kimiminika kina tabaka, na tabaka zinapopitana zinashikana mashati. Zikishikana sana, mwendo unakuwa wa kobe. Zikiachiana, kimiminika kinafika kabla hujajiandaa kukipokea.”

Mama Rangi alikuwa akiandika kila neno, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyerudi shule akiwa na miwani. Kalamu yake ilisimama kwenye neno *kujiandaa*.

Nyuma yake mtu akakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, cha mara moja, kama cha mgeni anayeogopa kusumbua wenyeji. Hakugeuka. Alijua dawati la nyuma yake halina mtu.

Kikohozi hicho kilikuwa kimeishi naye miaka miwili. Kilianza jioni ya kumzika mumewe, alipojimiminia maji jikoni, na tangu hapo kila alipomimina maji kilikuja, nyuma ya bega la kushoto, mara moja tu. Leo kilikuja bila yeye kumimina kitu. Alijifunza kumimina akiinamisha kikombe, maji yateleze ukingoni bila sauti. Bado kilikuja. Jioni ndizo zilizomshinda zaidi, kwa kuwa jioni zilikuwa saa zake na mumewe, na kusema kweli ndizo zilizompeleka kwenye masomo haya ya jioni. Alitaka kuwa mahali penye watu mpaka giza liingie.

Kila alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda na kuomba. Hakuomba kikohozi kiondoke. Aliona ni utovu wa adabu kumfukuza mtu aliyewahi kuwa mumewe. Aliomba kuambiwa kinataka nini. “Nieleweshe,” alisema, siku hadi siku, kwa subira aliyoizoea kazini, ya kungoja rangi ikauke.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa sauti kubwa. Kiharusi kilimchukua upande mmoja wa mwili, na ulimi kikauachia maneno machache kama ya mtoto. Siku ya kumtoa hospitali, mwuguzi aliwapita, yeye na dada wa mumewe, kwenye korido, mafaili yamemjaa kifuani, akasema bila kusimama vizuri: “Asipewe vyepesi, mama. Vinywaji vyake viwe vizito tu. Umenielewa?”

“Nimekuelewa,” alijibu.

Naye alielewa kwa namna yake. Kazini alitamka nzito na nyepesi mara mia kwa siku, na maana ilikuwa moja. Lakini kando ya kitanda maneno yale yale yalibadilika. Mgonjwa hupewa chepesi. Hilo alilijua tangu utotoni, alilisikia kwa mama yake na kwa kila jirani aliyewahi kuuguza. Kumpa mtu aliyelala kitu kizito ni kumtwisha mzigo tumboni. Aliona mwuguzi amechoka, au alisemea siku za mbele, mwili utakapopata nguvu.

Aliyekuja kumsaidia alikuwa huyo dada wa mumewe, wifi yake, fundi cherehani. Alihamia kwao na cherehani yake, akawa anamuuguza kaka yake tangu asubuhi hadi Mama Rangi anaporudi. Wifi alikoroga kila kitu kizito. Uji ulisimama kwenye kijiko. Hata maji aliyapika na unga kidogo mpaka yakawa kama ute.

“Wifi, huo ni uji au gundi?”

“Mwuguzi ndiye kasema.”

“Mwuguzi halali naye. Tumbo la mgonjwa linataka vyepesi.”

“Basi jioni fanya utakavyo. Asubuhi niachie mimi.”

Wakamgawana hivyo. Asubuhi ya dada, jioni ya mke. Na jioni Mama Rangi alizimua ule uji wa wifi, kwa mkono uliozoea kuzimua rangi, mpaka ukatiririka. Kisha akampa maji matupu, kwanza kwa kijiko, baadaye kwa kikombe. Mumewe alikunywa, halafu akakohoa, mara moja, taratibu. Akamfuta mdomo. Aliamini ni gundi ya asubuhi inayomrudia.

Mwezi wa tatu tangu atoke hospitali homa ikapanda na kifua kikaanza kukoroma. Daktari alisema kuna kitu kimekuwa kikiingia mapafuni, kidogo kidogo, kwa muda mrefu. Siku ya tano akafa. Na msibani, nyumba imejaa wanawake, Mama Rangi alimwelekezea wifi yake kidole. “Ni uji wako. Umemjaza kaka yako gundi kifuani.” Chumba kizima kilisikia. Wifi alichukua mtandio na viatu, akatoka, na cherehani alituma mtu aje kuichukua. Hakurudi tena. Watu walisema hapikii mtu, hata yeye mwenyewe hajipikii; anakula mkate.

Darasa lilipotawanyika, Mama Rangi alibaki akijifanya anatafuta kifuniko cha kalamu.

“Mwalimu, mtu wa kiharusi. Koo lake linakuwaje?”

“Mimi si daktari, Mama Rangi.”

“Najua. Nijibu hivyo hivyo, kama mtu wa vimiminika.”

Mwalimu alikuwa akiifuta gololi ya asali kwa kitambaa. “Kooni kuna njia mbili zinapakana, ya chakula na ya hewa. Ukimeza, kilango cha hewa kinafungwa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo kilango kinaweza kuchelewa. Sasa maji hayamsubiri mtu. Yatakuwa yameshapita. Kitu kizito kinaenda polepole, kinampa nafasi.” Akamtazama. “Nyumbani kuna mgonjwa?”

“Hakuna,” alisema, na ilikuwa kweli.

Alirudi kwa miguu. Mwuguzi alisema kwa saa, naye akasikia kwa mzani. Lilikuwa jambo dogo kiasi hicho. Njiani kila kilichotiririka kilimwita: bomba lililovuja ukutani, maji machafu ya kuoshea gari yakikimbilia mtaroni. Alikuwa ameomba aeleweshwe, na sasa ameeleweshwa, na alitamani angalau kwa usiku mmoja arudishiwe ujinga wake.

Alfajiri alipiga magoti, lakini maneno hayakuja. “Umeniambia,” alisema mwishoni. “Sasa?”

Hakuhitaji jibu. Alijua aendako, na alijua pia kwamba si lazima aende. Habari ile waliijua yeye, marehemu na Mungu basi. Akinyamaza, mzigo utabaki kwa wifi, ambaye ameshaubeba miaka miwili, labda ameuzoea. Aliwaza hivyo siku tatu mfululizo, na kila alipowaza alijisikia vibaya kama mtu aliyeiba kitu katika nyumba ya ibada na bado anakaa humo akisali.

“Mama Rangi,” seremala mmoja wa karakana alimwambia siku ya tatu, “unaiangalia hiyo rangi au inakuangalia?” Kijiti kilikuwa mkononi, vanishi imeshakauka juu yake. Hakujua amesimama pale tangu lini.

Jumamosi, saa nane mchana, alikwenda.

Wifi alikuwa na chumba kimoja kilichoelekea barabarani, cherehani imewekwa mkabala na mlango ili ipate mwanga. Marinda ya nguo za sherehe yalining’inia kila ukuta.

“Hodi.”

“Kazi zimejaa, dada. Njoo wiki ijayo,” wifi alisema bila kuinua kichwa. Kisha akakiinua. Alikuwa amekonda, shavu limeingia ndani upande ule ule ambao la kaka yake lilikuwa limeingia. “Ni wewe.”

“Ni mimi, wifi.”

“Kuna msiba?”

“Hapana.”

“Maana wewe husemi na mimi bila maiti kuwa ndani.”

Mama Rangi alikuwa amepanga maneno mengi. Yote yakamkimbia, yakabaki yale ya lazima. “Haukuwa uji wako,” akasema. “Ulikuwa sawa. Kizito kilikuwa kinamsaidia kumeza. Jioni nilikuwa nauzimua, nampa na maji matupu, na yale ndiyo yaliyokuwa yanapita njia ya hewa. Mwuguzi alituambia, wewe ukasikia, mimi nikasikia vingine. Ni mimi, wifi. Nimekuja kukuambia ni mimi.”

Wifi alikata uzi kwa meno. Alikunja kitambaa alichokuwa akishona mara moja, mara ya pili, mpaka kikawa kidogo, akakiweka pembeni.

“Miaka miwili nakula mkate,” alisema. “Nikishika mwiko, naurudisha. Mjukuu wangu akaniuliza, bibi, kwani huna jiko? Ningemwambia nini?”

“Najua. Niwie...”

“Usiniombe radhi. Leo sina. Ukiniomba nitakutukana, na nguo hizi za watu zina haraka.”

Barabarani mtu alipita akisukuma mkokoteni wa madumu matupu, yakigongana. Wifi alisubiri kelele ziishe.

“Kwa hiyo kwako alikunywa,” alisema.

“Alikunywa.”

“Kwangu aliomba maji kila asubuhi iliyoumbwa. Nami namletea ule ute kwenye kijiko. Ananitazama, wifi, kama mtu anayemtazama aliyemuuza. Jicho lile ndilo ninaloamka nalo. Nikisema nimemnyima kaka yangu maji mpaka kafa, naona afadhali hata ningemnyonga.” Akapangusa meza ya cherehani kwa kiganja, ingawa haikuwa na kitu. “Wewe huwa unaona nini?”

“Sioni. Namsikia akikohoa.”

Wifi alitikisa kichwa polepole, kama fundi anayepima kazi ya fundi mwenzake. “Na alipokunywa hayo maji,” aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, “alifanyaje?”

Mama Rangi alitafuta uongo wa huruma, akakuta hajui ni upi. Akisema hakufurahi, atakuwa amemwibia marehemu. Akisema alifurahi, atakuwa anajisifu kwa kile kilichomuua.

“Alifumba macho,” akasema. “Akakaa hivyo kidogo. Halafu akasema, ‘tena’.”

“Nawe ukampa.”

“Nikampa.”

Mguu wa wifi ulikanyaga pedali. Sindano ikaenda mbio bila kitambaa chini yake, uzi ukajisokota, ukajifunga, mashine ikakwama. Aliiacha imekwama. Alivuta rinda la karibu, la mtu asiyemjua, akajifuta nalo uso, kisha akalitazama kana kwamba amelikuta hivyo.

“Umesimama mlangoni,” alisema hatimaye, bila kumwangalia, akianza kufungua ule uzi kwa kucha. “Unanizibia mwanga.”

Mama Rangi alitazama kizingiti chini ya miguu yake. Wifi hakusema asogee upande gani, wa ndani au wa nje.