Ufunguo Uliosuguliwa

Lucienne alizionea wivu funguo za mumewe kama mtu anavyomwonea mke mwenza. Kila Jumapili wakitoka misa, Florent alikimbilia nyumbani kwao Saint-Gilles kuzipapasa: funguo za bronzi za Warumi wa kale, zilizogeuka kijani kwa miaka elfu mbili ardhini.

Leo, mume alipotoka, Lucienne aliuchukua ufunguo mmoja, ule ambao Florent aliupenda kuliko zote, akausugua kwa ndimu na chumvi kama sufuria, mpaka ukang'aa.

Florent aliporudi akauona, akapiga kelele: “Ile kijani ndiyo ilikuwa uzee wake, Lucienne! Umeitoa yote!” Kisha akalia.

Lucienne alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa machozi. Hapo awali, yeye mwenyewe alipolazwa hospitali kule Jette, yu mahututi, mume huyuhuyu alikaa kando ya kitanda, macho makavu, akipekua katalogi ya mnada wa funguo za kale.