Panya wa Saba

Panya wa saba alilala kifudifudi ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, dawa ya usingizi imemlegeza hadi masharubu. Ubongoni mwake ziliingia nyuzi nyembamba za kusikiliza umeme wa neva, pamoja na mrija wa kupima kemikali. Mtafiti Evodia alitazama vyote kwa pamoja kwenye kioo cha kompyuta. Kwa panya sita waliotangulia, kemikali ilipanda kwanza, ndipo dhoruba ya kifafa ikafuata. Kwa huyu, dhoruba ilivuma na kemikali haikutikisika.

Daktari Batholomeo, mkuu wa maabara, alisema mmoja kati ya saba si hoja. Evodia amwache panya huyo, kwani Ijumaa matokeo yangesomwa mbele ya wageni. Evodia aliitikia, akarudi kwake mtaani Nkuhungu, lakini moyo ulikataa kutulia.

Huko kijijini Busi, mdogo wake Lea alikuwa na mkono uliokunjamana kwa moto. Kifafa kilimwangusha akisonga ugali. Kwa miaka mitatu Evodia alitafuta dalili inayotangulia anguko, hata kwa dakika mbili, Lea apate kujitenga na mafiga. Panya sita walimpa dalili hiyo. Alikwisha kumwambia kwa simu, na Lea akalia kwa furaha.

Kesho yake alizipitia upya picha zote. Kufikia alasiri alikuwa ameliona kosa. Kwa wale sita mrija ulipita pembeni, ukachubua mshipa wa damu. Kemikali iliyopanda ilikuwa kilio cha jeraha, si dalili ya kifafa. Wa saba pekee ndiye aliyewekewa mrija sawasawa. Na mikono iliyowawekea wote ilikuwa yake.

"Shikamoo, Daktari," alisema mlangoni. "Wabovu ni wale sita. Kosa ni langu."

Batholomeo alizikagua picha kwa muda mrefu. Akasema ni wachache mno ambao wangegundua.

"Lea angegundua. Jikoni."

Alipoelezwa Lea ni nani, mzee huyo alichukua kalamu, akaifuta mada yao kwenye ratiba ya Ijumaa.

Kumwambia Lea kulikuwa kugumu zaidi. Sauti yake ilikuja simuni taratibu: "Dada, afadhali nijue kwamba sijui, kuliko nikae karibu na moto nikisubiri kuonywa."

Jumatatu Evodia aliingiza mrija kwa panya wa nane, safari hii picha ikimwongoza kila hatua. Batholomeo alivaa glavu, akasimama kando yake. Mistari miwili, mmoja wa umeme na mmoja wa kemikali, ikaanza kutambaa kwenye kioo, tambarare kama mbuga wakati wa kiangazi. Wakasubiri kuona upi ungepanda kwanza.