Kidole Gumba cha Bi Mwanaima

Naapa kwa chumvi yote niliyokula duniani, humu hakuna neno nililotia. Yalitokea, tena mchana kweupe, watu wakitazama.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, kwenye baraza ya makao ya wazee nyuma ya mahoteli ya Diani, wazee sita walikuwa wakingojea mandazi. Caroline, msomi wa chuo kikuu aliyetoka Nairobi kutafiti uzee na malezi ya makaoni, aliketi mbele ya Bi Mwanaima na karatasi zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutuhesabu?"

"Kuuliza tu. Lakini kwanza lazima ukubali kwa kidole."

Ndiyo masharti ya utafiti: hakuna swali kabla ya ridhaa, na ridhaa hutolewa upya kila wiki. Bi Mwanaima akachovya gumba kwenye wino, akalikandamiza. Karatasi haikutoa mistari ya kidole. Ilitoa shamba lake la Munje: minazi tisa, nyumba ya makuti, kisima, mbuzi mmoja, na kaburi la marehemu mumewe, Abdulwahab.

"Wino umezidi," Caroline akasema, akampa karatasi nyingine. Likatoka shamba lilelile, ila mbuzi alikuwa amesogea kisimani.

"Andika nimekubali," akasema Bi Mwanaima.

Unaweza kuoga bila msaada? Naweza. Kuvaa? Naweza. Kupika?

"Nikupikie wewe, ulivyokonda hivyo."

"Sasa uko hapa kwa nini?" Swali hilo halikuwamo kwenye fomu.

"Mwanangu Chirau alinileta nipumzike wiki mbili. Huu mwezi wa saba."

Wiki ya pili gumba lilitoa minazi mitano, na vigingi vya kupimia. Wiki ya tatu minazi ilikuwa miwili, na ukuta wa mawe ulikuwa ukija kutoka barabarani. Bi Mwanaima akapima kwa ncha ya ukucha. Kutoka ukutani hadi kaburini palibaki upana wa punje ya mchele.

"Mimi nazikwa ubavuni mwake," akasema. "Sasa watanizika wapi, bafuni mwa watu?"

"Utalala hotelini, Mwanaima," akasema Mzee Kaingu kutoka kiti cha pili. "Utaamshwa kwa chai."

"Nyamaza, kibogoyo."

Caroline akampakia garini hadi ofisi ya ardhi. Karani alikuwa mpole, akaitafuta karatasi, akaipata. Bi Mwanaima alikuwa amempa Chirau shamba, na Chirau amewauzia wenye hoteli. Kidole chake kilikuwapo chini, mistari yote safi, kama iliyobaki huko ilipoachwa.

"Mimi niliambiwa ni karatasi ya kuingilia makaoni," akasema.

Karani akamwambia anaweza kuweka pingamizi, kwa kidole. Akachovya, akakandamiza. Karani akaigeuza karatasi huku na huku.

"Mama, hiki si kidole. Hii ni ramani. Ramani ni dirisha la nne."

Dirisha la nne wakasema ramani isiyo na sahihi ya mpimaji haipokelewi, wakaenda kula.

Wiki ya nne ukuta ulikuwa umelizunguka kaburi, na juu yake pamemwagwa kokoto. Caroline alilia kidogo, akapangusa miwani, akaendelea na swali la kumi na moja. Vile vidole vyote alivitia mwishoni mwa ripoti yake. Wakubwa zake wakavitoa, wakisema vinairefusha. Mstari wa Bi Mwanaima ukabaki: anajitegemea, anahudumiwa vizuri.

Sasa, karatasi ya ardhi ilikuwa na shahidi, ndugu wa marehemu. Huyo ndugu husema siku hiyo hakuwa na miwani, na ndivyo alivyomwambia Caroline pale barazani, mbele ya wazee wote.

"Ulikuwa nayo, Mbwana," akasema Bi Mwanaima. "Tarehe ulinisomea wewe."

Basi, ni mimi. Nilikuwa nayo. Nilisoma mstari wa kwanza, nikaona jina la Munje, nikanyamaza, kwa kuwa Chirau ni mtoto wa ndugu yangu na biriani ilikuwa imeshapakuliwa.

Hukumu aliitoa mwenyewe: kila Ijumaa baada ya sala niende Munje, nisimame nje ya ukuta, nimsalimie mumewe kwa niaba yake.

Ijumaa iliyopita jua lilikuwa kali. Nilikaa Ukunda nikanywa kahawa, jioni nikaenda kumwambia nimefika, na kwamba marehemu anamsalimu sana. Hakubisha. Aliagiza wino, akachovya gumba, akalitazama kwenye karatasi kwa utulivu.

"Shemeji," akasema, "ukuta uko peke yake."

Leo nimesimama tangu sala hadi alasiri. Askari wa geti amenitolea kiti. Nimekikataa, maana najua natazamwa.