Aliyeshika Nakala ya Pili

Kijana yule alikuwa mrefu hata mlangoni hupita ameinama, na mama mwenye nyumba akamwita Mlingoti, kwanza moyoni, baadaye kwa mdomo. Kila mwisho wa wiki alikuja na begi la makaratasi, akaketi upande mmoja wa meza ya kukatia vitambaa, binti wa nyumba akaketi upande wa pili. Mama alikuwa kwenye cherehani yake akishona sare za shule. Mgongo aliwapa wao, na masikio aliwapa wao pia.

Binti alikuwa anaandika tasnifu ya shahada ya uzamivu juu ya Waturuki na Wamongolia, jinsi watu waliochoma miji ya Waislamu walivyokuja kuwa Waislamu wenyewe. Hakutaka kusikia fulani kasema nini juu ya fulani. Alitaka maneno ya watu wa zama zile, yaliyoandikwa na makatibu wa makhani, wafalme wao, tena kwa Kiajemi chao. Lugha hiyo ilimtoa jasho, lakini aliipata. Tarehe aliyoitegemea, yaani kitabu cha historia ya khani mmoja, ilikuwa imebaki katika nakala mbili tu za mkono, moja imehifadhiwa huku, nyingine kule, naye alikuwa na picha za kurasa zote.

"Makatibu nao ni watu, mama," alimweleza. "Mtu ananakili tangu asubuhi, jicho linaruka mstari. Au anauruka kusudi, bwana wake asiaibike. Ndiyo maana tunasoma wawili. Mimi nasoma ya kwanza kwa sauti, mwenzangu anafuata ya pili kwa kidole. Zikitofautiana, anasema simama."

"Kwani huko maktaba hakuna viti?"

"Viti vipo. Sauti ndiyo hairuhusiwi."

Roho ya mama haikutulia. Nyumba haina mwanamume tangu baba mtu alipofariki. Majirani wana macho, na macho yao yana midomo. Binti akipita mtihani, kiti cha ualimu palepale chuoni kilikuwa kinamngoja. Mwalimu wake alishatamka. Mama aliwaza: nimemfikisha huku kwa sindano, aje aharibikiwe mlangoni kwa ajili ya miguu mirefu ya mtu?

"Yule hata hajui kama nina uso," binti alisema siku moja, akicheka. "Ukimuuliza mimi ni mweusi au mweupe, atakwambia ngoja atazame maelezo ya chini ya ukurasa."

"Wote huanza hivyo. Baba yako naye alikuja kupima suruali."

Siku binti alipokwenda dukani, mama akamsubiri kijana mlangoni, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Mwanangu, nakuheshimu. Lakini watu wameanza kuniuliza."

"Wanauliza nini, mama? Mlango tunauacha wazi, na wewe upo."

"Nipo, lakini macho yangu yako kwenye sindano. Wewe una dada?"

"Ninao."

"Basi sina la kuongeza."

Kijana akaweka begi begani. "Nakala ya pili mwandiko wake ni mgumu, mama," alisema taratibu. "Katibu wake alikuwa anakimbia. Mwambie asiifuate na mtu asiyeuzoea." Akaaga kwa adabu, akaenda. Mama hakumwambia binti neno hata moja kati ya hayo. Alimwambia kwamba kijana amepata shughuli nyingine.

Binti alimpigia, kijana akajibu kwa mkato, maana naye ana haya zake. Mwezi wa kukabidhi tasnifu ulikuwa mlangoni. Hapo mama akatoa shauri ambalo aliliona limeshushwa kutoka mbinguni.

"Kiajemi chenu kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hizo mimi nazijua. Nimehitimu juzuu zote kwa mwalimu, na fimbo juu. Maana siijui, lakini kidole changu kina kasoro gani?"

Binti alimtazama mama yake, miwani, vidole vyenye alama za sindano, akacheka kwa furaha ya kweli. "Haya, katibu mkuu. Karibu ofisini."

Wenye watoto wanaosoma sikilizeni hapa. Mama huyu katika chuo cha Kurani alifundishwa kufuata sauti. Mwalimu anatangulia, mtoto anaitikia, na jicho linakwenda pale sikio lilipokwisha kufika. Hivyo ndivyo alivyohitimu, na ndivyo alivyoketi kwenye ile meza. Herufi alizozizoea zilikuwa nene, zimevaa irabu zote kama bibi harusi. Hizi zilikuwa zimelala, zimepandana, nukta zimetupwa ovyo kama vipande vya nyuzi sakafuni. Ukurasa wa kwanza alishika neno hapa, neno pale. Ukurasa wa tatu alikuwa amepotea kabisa, anatembeza kidole kwa mwendo wa sauti ya mwanawe.

"Sawa?" binti aliuliza mwisho wa kila mstari.

"Sawa."

"Mama, unauona kweli?"

"Nauona. Endelea, usinikate."

Neno "simama" lilimfika kooni mara nyingi. Akisema amepotea, nani ataitwa? Mlingoti. Basi akasema sawa, na sawa, na sawa, mpaka kurasa zikaisha. Pale aliposhika neno kweli na kuliona tofauti, alisema simama kwa sauti kubwa, na binti akafurahi, akaandika. Tofauti hizo chache ndizo zilizomdanganya binti kwamba kidole kinafanya kazi.

Katika tasnifu binti aliandika kwamba khani wake alisilimu kwa kuguswa na mafundisho ya shehe mmoja, kitambo kabla ya kukalia kiti cha utawala, na kwamba nakala zote mbili zinakubaliana juu ya jambo hilo. Sura nzima aliisimamisha juu ya maneno hayo, na sura mbili zilizofuata zikapanda juu ya mgongo wa hiyo.

Siku ya utetezi mama alivaa gauni aliloshona mwenyewe, akaketi safu ya nyuma. Mlingoti alikuwa safu ya mbele yake. Watahini walikuwa watatu. Wawili waliuliza, binti akajibu mpaka watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Wa tatu, mzee aliyealikwa kutoka chuo kingine, alitoa karatasi, akamsogezea.

"Hii ni nakala yako ya pili. Nisomee hapa, kuanzia ninapoonyesha."

Binti alisoma. Akafika mahali, sauti ikapungua. Akarudi nyuma, akasoma tena.

"Tafsiri," mzee alisema, bila ukali.

"Na hayo..." Binti aliweka kidole juu ya mstari. "Na hayo yalikuwa baada ya maamiri kumwambia kwamba hawatampa kiti mpaka awe Mwislamu."

"Mstari mzima. Nakala ya kwanza hainao. Unajua ya kwanza iliandikwa kwa ajili ya nani?"

"Mjukuu wake khani."

"Basi mjukuu amefichiwa aibu ya babu yake, na wewe umesaidia kuificha. Nani alikushikia nakala ya pili?"

Mama aliona mgongo wa Mlingoti umenyooka. Alitaka kusimama aseme ni mimi, lakini akabaki ameketi.

"Niliishika mwenyewe," binti alisema.

"Ukasoma kwa sauti na kufuata kwa kidole, peke yako?"

"Ndiyo."

Mzee alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kofi. Tasnifu ikakataliwa, iandikwe upya tangu kazi ya kulinganisha nakala mbili. Kiti cha ualimu hakikuweza kungoja, akapewa mwingine. Nje ya ukumbi Mlingoti alimwinamia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alijibu, na hakuna neno lililowahi kumpa tabu kulitamka kama hilo.

Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Yeye mwenye kushona nguo alikuwa amemshonea mwanawe hiyo hiyo, tena kwa upendo, tena kwa uzi mzuri.

Nyumbani binti hakugomba. Laiti angegomba. Alisema tu, "Ungeniambia umepotea, mama. Ningesimama." Hakuuliza kuhusu Mlingoti, huenda alikwisha kuambiwa, huenda alijua mwenyewe. Mama alisema atakwenda kwa kijana, amwombe radhi, amrudishe. Binti akamjibu kwamba kijana amekwisha pata kazi mbali, na hata angekuwepo, yeye hana uso wa kumwita.

Siku hizi meza ya kukatia ni ya vitambaa peke yake. Binti anafanyia kazi chumbani, mlango umefungwa. Anajirekodi kwenye simu akisoma nakala ya kwanza, kisha anajisikiliza huku akifuata ya pili kwa kidole chake mwenyewe. Kutoka kwenye cherehani mama huisikia sauti ile ya simu ikisoma Kiajemi, mara inakatwa, kimya, inarudishwa nyuma, inasoma tena palepale. Huinuka akamimina chai, akagonga.

"Iache hapo nje, mama," binti humjibu. "Nitaichukua."

Naye huiweka sakafuni, kando ya kikombe cha asubuhi.