Nyota ya Ncha Nane

Mashine ya kutarizi ililia mara tatu ikanyamaza, mara ya sita tangu asubuhi. Kwenye kioo chake maneno yaleyale: mchoro huu hauna ruhusa kwenye mashine hii. Illuminée akachomoa flashi, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akairudisha, kana kwamba mbishi ni vumbi.

Vitambaa vinane vya umushanana, vazi la sherehe la kufungwa begani, vilikuwa mezani, kila kimoja kikisubiri nyota yake ya begani. Saa kumi na moja Mama Alida angevifuata. Binti yake anaolewa kesho, na mtaa mzima wa Kimisagara ulishaambiwa fundi ni nani.

Saa nne alishuka kwenye pikipiki Remera, kwenye duka lililomtengenezea faili la nyota.

"Madamu, hii faili inajua mashine yako ya zamani," alisema Rodney wa kaunta, mtu aliyekulia Kampala, asiye na haraka hata ya kupiga chafya. "Umebadilisha kitu?"

"Kadi iliungua, fundi wa Gisozi akaweka nyingine. Mashine ni ileile."

"Kwa faili si ileile. Nitaomba kampuni wafungue kufuli. Wanajibu baada ya siku tatu za kazi."

"Sha Rodney, hiyo nyota nilichora mimi. Kwa kalamu, nyuma ya kalenda ya parokia."

"Nyota ni yako. Faili ni ya kampuni. Na kufuli," akashusha sauti, kwa huruma ya kweli, "uliomba wewe."

Aliomba, tena kwa kugonga meza, siku alipoiona nyota yake begani kwa mteja wa Mukunde, jirani wa vibanda viwili chini. Mukunde aliipiga picha, akaichora upya, mkunjo wa nguo ukamficha ncha moja. Miezi saba hawajasalimiana. Miezi saba Illuminée amewafundisha wateja: hesabuni, yangu nane, ya mwizi saba.

Saa nane alikuwa kibandani tena. Akajaribu kwa mkono. Ncha tatu zikala saa nzima. Akasimama, akafika mlangoni kwa Mukunde, akarudi, akaenda tena. Ndani wanawake wanne walinyamaza kwa pamoja, naye akajua walikuwa wakimsema nani.

"Karibu, jirani," alisema Mukunde bila kuinua kichwa. "Umekuja kunikamata?"

"Ile nyota. Iko kwenye flashi?"

"Nyota gani? Iko ya kwako ao iko ya kwangu?"

Mmoja akacheka kwa pua. Illuminée aliangalia viatu vyake.

"Ya kwako," alisema.

Mukunde akampa flashi. "Ya kwangu haina kufuli. Irudishe leo, nina wateja."

Mashine iliipokea bila kuuliza neno. Baada ya dakika arobaini nyota nane zilikuwa zimekaa mabegani, zinang'aa, kila moja ina ncha saba. Illuminée akatunga uzi kwenye sindano ya mkono, akaanza kuongeza ya nane.

Mama Alida alipoingia, Illuminée alikuwa amemaliza vitambaa viwili. Akavipanga juu ya vingine.

"Eeh, vizuri sana mama," alisema Mama Alida, akivaa miwani. "Subiri, ulitufundisha wewe mwenyewe."

Akavuta kitambaa cha chini kabisa, akaweka kidole kwenye nyota, akaanza kuhesabu.